Mwaka wa Madarasa Mawili

Ellersrode, 17 Septemba 2007

Gesine wangu,

Nimekaa kwenye ngazi za nyuma ya karakana, ni saa ya chakula, na mkate wangu wa soseji unanuka gundi kwa sababu mikono yangu inanuka gundi. Mama ameniamuru nivue nguo za kazi mlangoni kabla sijaingia ndani. Ulisema tuandikiane barua kwa sababu kwenye simu unalia. Haya, naandika. Ole wako ucheke mwandiko wangu.

Kazi ni nzuri. Mzee Wiegand mwenyewe ni kama msumari, haongei mpaka umkanyage. Nilimwuliza kama siku moja tutatengeneza kitu chenye kisigino kirefu. Akasema, "Msichana, viatu vya kutazamwa nenda dukani. Hapa tunatengeneza viatu vya kutembelea." Basi kutwa nzima naona miguu iliyovimba kwa kisukari, miguu isiyo na vidole, mama mmoja ambaye mguu wake wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia. Tunachonga kalibu ya mti inayofanana na mguu wa mtu, halafu kiatu kinajengwa juu yake.

Siku ya kusaini mkataba kulikuwa na kizaazaa. Baba aliona malipo ni madogo kuliko ya mwanagenzi aliyenitangulia, akauliza kulikoni. Mzee akavuta sanduku zima la maombi. "Mwaka huu jimbo limefupisha masomo ya sekondari ya juu," akasema. "Darasa la kumi na mbili na la kumi na tatu wamemaliza siku moja. Watoto wenye vyeti vya kwenda chuo kikuu wananiomba niwafundishe kushona viatu! Binti yako asipotaka, kesho asubuhi nitakuwa na mwingine." Baba akatazama dirishani. Nikasaini.

Mwenzangu, naona aibu kukuandikia haya. Mimi nimepata nafasi kwa mzee, wewe umekosa, na sote wawili tunajua mikono ya nani ni mizuri zaidi. Wewe ndiye uliyeshona mkoba wa mwalimu Kühnast ukawa kama mpya. Niambie huko magharibi kukoje. Wanakula nini? Kuna wavulana?

Wako,
Sindy


Neckarhalden, 7 Oktoba 2007

Sindy,

Usione aibu. Hukuninyang'anya kitu. Ile barua ya Mzee Wiegand ya kunikataa ilikuwa na mistari miwili tu na picha yangu ya ombi imerudishwa ndani yake, na mistari miwili haiumi sana.

Wavulana wapo. Wanakula tambi zinazofanana na minyoo, wanamimina mchuzi wa dengu juu yake, na ni tamu, usimwambie mtu.

Karakana ya Bi. Häberle, aliyenichukua kama mwanagenzi, ni kubwa. Kuna mashine inayopima mguu kwa mwanga. Nikifungua mdomo wenzangu wanarudia neno langu kwa lafudhi ya kwetu, halafu wanacheka. Si kwa ubaya, ila ni kila siku. Kwa hiyo siufungui sana. Jumapili ndiyo mbaya zaidi. Maduka yamefungwa na kila mtu yuko na watu wake. Natembea hadi kituo cha treni, nasoma ratiba ya treni za kwenda kwetu, narudi.

Wiki iliyopita Bi. Häberle alisimama nyuma yangu nikikata ngozi. "Nani alikufundisha kushika kisu hivyo?" Nikamwambia hakuna. Akasema "Mh," akaenda zake. Nimeishi na hiyo "Mh" siku zote hizi.

Niko kwenye muda wa majaribio mpaka mwisho wa mwaka. Mama ameshahamia Bremen kwa yule mchumba wake, na nyumba yetu ya Ellersrode ameirudisha kwa halmashauri. Nikishindwa hapa sina mlango wa kurudia. Kwa hiyo sitashindwa.

Gesine


Ellersrode, 20 Januari 2008

Wewe mwehu,

Barua mbili nimekuandikia na kadi ya Krismasi yenye yule paa mwenye makengeza, na wewe kimya. Umepata bwana? Kama umepata nakusamehe, lakini nataka jina, umri na picha. Kama hujapata, sina msamaha.

Nimekwenda Halle kwenye chuo cha ufundi kwa wiki zangu za masomo. Darasani tumejaa mpaka wengine wanakaa kwenye kingo za madirisha. Nusu yao ni wale wa vyeti vikubwa. Wanamaliza mtihani wa hesabu wakati mimi bado nachonga penseli. Mwalimu anasema tushukuru kuwa na nafasi. Kila mtu mwaka huu anatuambia tushukuru.

Nijibu. Hata mstari mmoja. Utani umekwisha.

Sindy


Neckarhalden, 24 Februari 2008

Sindy mpendwa,

Samahani. Kazi imekuwa nyingi na nimehama chumba, ndiyo maana barua zako zimezunguka. Tumia anwani ya nyuma ya bahasha hii.

Mimi mzima. Kazi inaendelea vizuri. Tunaanza mapema sana, ndani kuna joto la mvuke, na jioni mikono yangu ni myeupe na imejikunja kama ya mtu aliyekaa kwenye maji. Nimezoea. Wenzangu wapya wengi wanatoka Uturuki na Kosovo, hakuna anayecheka lafudhi ya mwenziwe.

Bwana sina.

Niandikie kuhusu viatu. Andika kila kitu, jinsi mnavyochonga kalibu, jinsi mnavyovuta ngozi juu yake, hata makosa yako. Napenda kulinganisha na tunavyofanya huku.

Gesine


Ellersrode, 23 Juni 2010

Gesine,

Nimekuandikia kurasa tano za kuvuta ngozi, na bado unataka zaidi! Siku moja utaandika kitabu na jina langu hutaliweka.

Leo si viatu. Leo wamefunga shule yetu. Wanafunzi waliobaki watapelekwa kwa basi Aschersleben. Niliingia kutazama. Darasani kwetu viti vilikuwa vimepangwa juu ya meza, na ukutani bado kuna alama ya gundi uliyoacha wewe. Mwalimu Kühnast aliniambia jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Mimi na wewe tumezaliwa mwishoni mwishoni. Baada yetu ule ukuta wa kati ya mashariki na magharibi ulikuwa umeshaanguka, viwanda vimefungwa, baba zetu wako nyumbani, na mama zetu wakaacha kuzaa. "Watoto ambao wangekuwa darasani mwangu sasa," akasema, "hawajahama. Hawakuzaliwa."

Nimeondoka pale nikapita mtaa wenu. Lile jengo lenu wamelibomoa, Gesine. Sikutaka usikie kwa mtu mwingine. Wamepanda nyasi.

Siku hizi nikitoka kazini hakuna wa kumwambia "twende". Kevin tuliyesoma naye yuko Munich, dada zake Hannover. Najikuta nasalimiana na wateja mitaani kwa kutazama miguu yao, kwa sababu watu wengine siwajui.

Sindy


Neckarhalden, 27 Februari 2011

Sindy mpendwa,

Hongera! Nimesoma barua yako mara nyingi. Fundi aliyefuzu! Kiatu chako cha mtihani nakiona kabisa, hasa ulivyokiinua pembeni ili yule bibi asianguke upande wa kulia. Nilijua utafaulu.

Ndiyo, mimi pia nimefaulu. Kulikuwa na sherehe ndogo.

Gesine


Ellersrode, 20 Novemba 2011

Gesine,

Keti. Nina habari ndefu.

Mzee Wiegand ametangaza nafasi ya mwanagenzi, mwaka wa pili huu. Unalikumbuka lile sanduku alilomwonyesha baba? Safari hii ameletewa ombi moja. Kijana akaitwa, hakutokea. Mzee amevaa tai, amepanga zana mezani kama za daktari, ananisimamisha mlangoni niangalie kama kijana anakuja. Mpaka jioni.

Basi akaanza kupandisha malipo. Akapandisha, akaahidi kulipia leseni ya udereva, akaahidi simu. Mafundi wote wa wilaya wanafanya hivyo. Mwoka mikate anagawa kompyuta! Mwezi uliopita alinituma kwenye shule ya Aschersleben nikawashawishi watoto. Nilisimama na kalibu zangu mbele ya darasa dogo sana, na kila mmoja alikuwa ameshaahidiwa nafasi na watu watatu. Msichana mmoja akaniuliza, "Na nyinyi mnatoa nini?" Mimi! Niliyeambiwa nishukuru!

Niliporudi nikamkuta mzee anaandika tangazo jipya. Nikalisoma begani kwake. Malipo aliyoandika yamebakiza kidogo sana kufika yangu.

"Mzee," nikasema, "huyu ambaye hajui kushika kisu utamlipa karibu sawa na mimi?"

"Hayupo bado."

"Akija?"

"Akija, nitashukuru."

"Na mimi je? Mimi niko hapa!"

Akavua miwani. "Wewe ulikuja wakati ambao kila mtu alikuja," akasema. "Si kosa lako wala langu."

Nikampigia kelele, Gesine. Nilimwambia naondoka, naye akajua siwezi, kwa sababu kuna watu wanaosubiri viatu tangu majira ya joto na hawawezi kutoka nyumbani. Siku ya pili asubuhi nyongeza ilikuwa kwenye bahasha juu ya meza yangu.

Sasa sikia. Anataka kupumzika baada ya miaka michache. Nitasomea ufundi mkuu, halafu ataniuzia karakana kwa bei ya kutupa, lakini peke yangu siwezi. Wewe umefuzu. Una mikono. Rudi tufanye wawili. Mji umejaa wazee, miguu haitakwisha. Sema ndiyo, nami nakuja na gari kubeba vitu vyako.

Sindy


Neckarhalden, 4 Desemba 2011

Sindy,

Asante kwa wazo lako. Haiwezekani. Nina maisha yangu huku na nafasi nzuri, siwezi kuiacha. Tafadhali usiniandikie tena juu ya jambo hili.

Nakutakia Krismasi njema.

Gesine


Ellersrode, 18 Machi 2012

Gesine,

Nilikuja.

Nilichukua likizo bila kukwambia. Nilitaka kusimama mlangoni kwa Bi. Häberle na kukufokea mbele ya wafanyakazi wote. Nilijiandaa njia nzima kwenye treni, nilikuwa na maneno mazuri sana.

Nilipotaja jina lako, Bi. Häberle alifikiri kwanza. "Ohlhoff? Yule wa mashariki? Aliondoka kabla ya Krismasi, ule mwaka wake wa kwanza." Nikamwuliza kwa nini. "Binti alikuwa na kipaji," akasema. "Lakini nilipata kijana mwenye cheti kikubwa, na muda wa majaribio ulikuwa haujaisha. Mwaka ule mtu aliweza kuchagua." Halafu akacheka. "Na mwaka huu tena! Sasa ni zamu ya jimbo letu, madarasa mawili yanatoka pamoja. Maombi wananibandikia mpaka kwenye gari." Alinipa kahawa. Niliinywa, ndiyo kitu kinachoniudhi mpaka leo, kwamba niliinywa.

Nikaenda kwenye anwani ya bahasha. Mwenye nyumba akanielekeza mahali pa kufulia nguo za hospitali.

Nilikuona. Ulikuwa unasukuma toroli la mashuka uani, umevaa kofia ya bluu, na nyuma yako kulikuwa na mlango unaotoa mvuke. Nilikuwa ng'ambo ya barabara kwenye kituo cha basi. Sikukuita. Nilikuja na hasira yangu yote, halafu nikaiona shingo yako jinsi unavyoiinamisha, kama tulipokuwa wadogo ukipita mbele ya watu. Nikajua kwamba nikikuita hutanisamehe. Basi likaja, nikapanda.

Miaka minne, Gesine. Nilikuandikia jinsi ya kuvuta ngozi, nawe ulikuwa unasoma kwenye mvuke. Nimekasirika bado. Nimelia pia, nikaona kumbe hata mimi kwenye barua nalia.

Sikuombi tena uje kama mshirika. Nakuambia hivi: ile nafasi ya uanagenzi bado iko wazi. Hakuna aliyeiomba.

Sindy


Neckarhalden, 9 Aprili 2012

Sindy,

Ungeniita.

Hapana. Ulifanya vizuri kutoniita.

Yote ni kweli. Bi. Häberle aliniita ofisini, akanipa mkono na boksi la chokoleti. Nilitaka kukuandikia siku ile ile. Nikasema nikipata nafasi nyingine ndipo nitakwambia, usije ukahangaika. Niliomba kila mahali majira yale, na kila mahali kulikuwa kumejaa. Halafu ukaniandikia kuhusu kalibu ya kwanza uliyochonga mwenyewe, ukiwa na furaha sana, na nilipojibu nilijibu kama mtu mwenye kalibu. Baada ya hapo kila barua ilihitaji nyingine. Nyumbani nina mguu mmoja wa mti niliouchonga kwa kufuata kurasa zako. Hauna mwenyewe.

Sasa unataka nije niwe mwanagenzi. Nitatimiza miaka ishirini na miwili. Hata hayo malipo mapya ni madogo kuliko ninayopata kwa kufua mashuka. Nitakaa darasani na watoto. Nitakuwa chini yako, na hilo naliweza, lakini karatasi atasaini nani? Yeye. Yule wa mistari miwili. Huko kwetu hakuna nyumba yangu, hakuna mama yangu, jengo letu ni nyasi. Nikifukuzwa tena kwenye majaribio nitasimama wapi?

Usinisihi. Ukinisihi wewe nitakuja kwa ajili yako, na nitakuchukia.

Gesine


Ellersrode, 23 Aprili 2012

Bi. Ohlhoff,

Fundi wangu Bi. Rehbock, rafiki yako, amenikalia kooni mpaka nishike kalamu. Hataki kuona nilichoandika.

Anasema mwaka 2007 uliomba nafasi kwangu nikakukataa. Sikumbuki. Maombi yalikuwa mengi, nilisoma yaliyokuwa juu ya rundo, mengine mke wangu aliwarudishia wenyewe na picha zao. Kama lako lilikuwa chini, basi sikulisoma. Hiyo ndiyo kweli, siipambi.

Siku hizo nilifikiri vijana ni kama maji ya bomba. Nililipa kidogo kwa sababu niliweza. Sasa nalipa zaidi kwa sababu siwezi vinginevyo. Utapata mara mbili ya alichoanza nacho Bi. Rehbock. Anavyoliona jambo hilo ameshaniambia, kwa maneno nisiyoweza kuyaandika.

Ana hofu kwamba unaogopa muda wa majaribio. Sheria inataka uwepo, angalau mwezi mmoja. Nimeandika mwezi mmoja.

Juu ya karakana kuna chumba. Kina dirisha na mfumo wa joto unaofanya kazi. Alikuwa analala humo mwanangu, sasa anaishi Zurich.

Kuongea na vijana sijui. Kazi naijua, na nisipoiacha kwa mtu itakwisha nami. Ulituma ombi kwangu zamani. Safari hii naomba mimi.

Kwa heshima,
Hartmut Wiegand
Fundi Mkuu


Halle, 14 Oktoba 2012

Sindy,

Ni Jumapili. Nimeona nikuandikie, ingawa Ijumaa nitakuwa nimerudi na utaniona mezani kwako asubuhi ya Jumatatu.

Ni ajabu, sivyo? Tangu nirudi tunakaa meza moja, na tukishamaliza habari za gundi tunatafuna mkate tukitazama ukuta. Majuzi uliniuliza kama nataka chumvi kana kwamba mimi ni mgeni wa mama yako. Labda tumezoea kuwa marafiki wa mbali. Labda bado umekasirika. Mimi pia bado. Siku ile malipo yalipotoka, uliposema kwa utani, "Haya tajiri, ninunulie bia," nilisikia mahali ambapo utani uliishia. Nilikununulia bia, ukainywa. Nakwambia hapa kwa sababu hapa naweza.

Mzee ameniacha nimpime Bi. Gutjahr peke yangu, yule wa kisukari. Alikaa ametupa mgongo akijifanya anapanga ngozi, kumbe anasikiliza. Bi. Gutjahr akaniuliza mimi ni wa nani. Nikamtajia mama, nikamtajia jengo. Akasema, "Aa, pale penye nyasi," akanipa mguu wake wa pili. Nilipomaliza, mzee alikuja akatazama vipimo vyangu muda mrefu, akasema tu, "Wa kushoto upime tena jioni, huwa unavimba." Nilipima tena. Ulikuwa umevimba.

Bweni la chuo lina korido ndefu, na milango karibu yote imefungwa kwa kufuli. Ulinisimulia jinsi mlivyokuwa mnalala watu wa kugombania vitanda. Sasa ghorofa nzima ni mimi na msichana wa miaka kumi na saba kutoka Stendal, anayezungumza na simu yake kutwa. Jana niliosha nguo zangu, na mlio wa mashine ukajaza jengo zima.

Darasani tuko wanne. Mwalimu ni yule yule wako wa "mshukuru", amekuwa na mvi. Hatuambii tena tushukuru. Anatuuliza kama tumelala vizuri, kama chakula kinafaa, kama mafundi wetu wanatutendea haki, anatuzunguka kama mtu mwenye kuku wachache. Ijumaa alikuwa anajaza taarifa zetu, akafika kwangu, akatazama mwaka wangu wa kuzaliwa, akavuta miwani chini.

"Bi. Ohlhoff," akasema, kwa upole kabisa, "mbona wewe umechelewa hivi?"

Wale watoto watatu wakageuka kunitazama.

Nikamwambia, "Sikuchelewa, mwalimu. Nilikuja mapema. Palikuwa pamejaa."

Gesine